Mke Tu: Shauri la Kariakoo na Imani Yetu Kuhusu Haki ya Nyumba

Mwaka 1980 Mahakama ya Mwanzo ya Wilaya ya Ilala iliyoko Kariakoo ilivunja ndoa ya mume na mke. Shauri lililofuata lilihusu nyumba. Mke, Bi Hawa Mohamed, aliomba apewe sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama ilimkatalia. Ilisema nyumba ilinunuliwa na mume, Ally Sefu, kwa fedha zake mwenyewe, na kwamba mama huyu alikuwa mke tu.

Sisi tunaosali katikati ya jiji la Dar es Salaam tunayafahamu maneno hayo mawili, "mke tu". Tumeyasikia ukumbini baada ya ibada na kwenye vikao vya jumuiya, na tumeyasikia misibani pia, ndugu wa mume wanapohesabu vitu vya ndani. Wengi wetu hatujui kwamba maneno hayo yaliwahi kupelekwa mbele ya majaji wa ngazi ya juu kabisa nchini, na kwamba yalipata jibu. Jibu hilo lilianza safari yake hapa hapa mtaani kwetu. Katika insha hii tunaifuata safari hiyo, kwa sababu inawahusu washarika wengi wanaokuja kuomba maombi huku wakiwa na karatasi ya mahakama mkobani, na hawajui hatua inayofuata ni ipi.

Mtaa mmoja, sheria nyingi

Kariakoo ni mtaa wa wageni tangu mwanzo. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, "Carrier Corps", waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita walijaa humu Wazaramo wa jirani, Wamanyema kutoka magharibi na watu wa bara kutoka kila pande. Walijenga nyumba za Kiswahili tunazozikumbuka: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma penye jiko na kisima. Chumba cha kwanza alikaa mwenye nyumba, vingine wakakaa wapangaji.

Katika nyumba kama hiyo, kabla ya mwaka 1971, wake watatu wangeweza kupika kwenye ua mmoja huku kila mmoja akiishi chini ya sheria yake. Aliyefunga ndoa kanisani alikuwa chini ya sheria ya ndoa iliyowekwa na Waingereza. Aliyeolewa kwa Kiislamu alifuata sheria ya dini yake. Aliyeolewa kwa mila alifuata mila za kabila la mume. Mwaka 1963 serikali ilikusanya sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzitangaza kwa maandishi, na humo watoto waliozaliwa katika ndoa walihesabiwa kuwa wa baba. Ndoa zilipovunjika, mama hawa watatu waliotoa maji kwenye kisima kimoja waliondoka na mafungu tofauti kabisa, na mara nyingi fungu lilikuwa ni nguo zao na vyombo vya jikoni.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba taifa moja haliwezi kuendelea hivyo. Mwaka 1969 ilitoa Waraka wa Serikali Namba 1 wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa. Mjadala ulikuwa mkali, misikitini, makanisani na bungeni, hasa juu ya ndoa za wake wengi. Mwishowe Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Sheria hiyo haikufuta dini wala mila katika kufunga ndoa. Hata leo mtu anaweza kufunga ndoa kanisani, msikitini, kwa mila au serikalini. Katika kuivunja, njia imekuwa moja, nayo ni mahakama. Mchungaji hawezi kuvunja ndoa, na kikao cha wazee wa kanisa hakiwezi. Mume akitamka talaka nyumbani, bado mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaoachana kwa kukubaliana mbele ya ukoo, kisha mmoja anafunga ndoa nyingine akidhani yuko huru. Kwa sheria bado ameoa au ameolewa.

Neno "kazi"

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja za mume na mke. Kinaitaka mahakama itazame mambo kadhaa: mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja katika kuipata mali hiyo, madeni waliyoyachukua kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, mahakama inatakiwa kuelekea kwenye mgawanyo ulio sawa. Kuhusu mchango, sheria inataja mambo matatu: fedha, mali na kazi.

Kazi hiyo ni ipi? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana. Baadhi yao walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, na wajibu haununui nyumba. Wengine walisema mume asingeweza kwenda kazini akiwa na nguo safi na tumbo lililoshiba, na kurudi akakuta watoto wazima, kama mtu mwingine hakuwa amefanya kazi nyumbani. Kwa hiyo mwanamke mmoja angeweza kushinda kwa jaji huyu, na jirani yake mwenye maisha yale yale akashindwa kwa jaji yule.

Bi Hawa alishindwa Kariakoo, akashindwa tena Mahakama Kuu. Hakuishia hapo. Mwaka 1983 rufaa yake ilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama iliyokuwa changa bado, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika pamoja na mahakama yake. Hukumu ilitolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Mke anayeitunza nyumba na familia anashiriki katika juhudi za pamoja ambazo sheria inazitaja, hata kama jina lake halipo kwenye risiti wala kwenye hati.

Lazima tuseme na upande wa pili, maana historia ya kweli haichagui. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu zaidi. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, na kwamba fedha hizo hazikutumika ipasavyo. Alishinda hoja, akakosa nyumba. Lakini tangu siku ile hakuna mahakama Tanzania Bara inayoweza kumwambia mwanamke kwamba hastahili kitu kwa sababu yeye ni mke tu. Maelfu ya wanawake wamepata kwa hukumu ambayo aliyeipigania hakuifaidi.

Washarika wanaosoma Biblia watakumbuka mabinti wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Baba yao alifariki bila mtoto wa kiume, na desturi iliwaacha bila urithi. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakauliza. Musa hakuwakemea kwa kuuliza. Alilipeleka swali mbele za Bwana, na jibu likawa kwamba wamesema haki. Likageuka kuwa sheria kwa Israeli yote. Kuleta shauri mbele ya wanaohukumu si uasi. Katika Biblia ni mojawapo ya njia ambazo haki imezipitia kuwafikia watu wasio na sauti.

Njia ilivyo leo

Tueleze sasa hatua zenyewe, kwa sababu tumeona watu wakizipoteza haki zao kwa kuruka hatua moja.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi. Kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo likathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yako kwenye kata, na sheria inamruhusu Waziri kuutambua pia mkutano au kamati ya jumuiya fulani, yakiwemo ya kidini, kuwa Baraza kwa ajili ya watu wake. Hati hiyo isiwe imepita miezi 6 siku ya kufungua shauri. Zipo hali ambazo sheria inasamehe hatua hii, kwa mfano mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo, au mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Nje ya hizo, hati ni lazima. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri, tangu mahakama ya chini, kwa sababu ya kasoro katika hatua hii. Wahusika walirudi mwanzo kabisa baada ya miaka ya kwenda na kurudi.

Hatua ya pili ni ombi lenyewe. Linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu na mwananchi, na mashauri yake yamekuwa yakiendeshwa kwa Kiswahili siku zote. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haiwezi kuombewa talaka bila ruhusa ya pekee ya mahakama.

Hatua ya tatu ni ushahidi. Mahakama inauliza swali moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishwa? Sheria inataja mambo yanayoweza kuonyesha hivyo, yakiwemo uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kumtelekeza mwenzi kwa miaka 3 au zaidi, na kutengana kwa hiari kwa muda kama huo. Sheria hiyo hiyo inakataza mwenzi yeyote kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Anayepigwa haombwi na sheria avumilie kwanza.

Amri ya talaka ikitoka, isajiliwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, tunaouita RITA. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Tangu mwaka 2021 jiji letu lina pia Kituo Jumuishi cha Temeke, ambako mahakama za ngazi mbalimbali zinasikiliza mashauri ya ndoa, talaka na mirathi chini ya paa moja.

Watoto ni wa nani?

Swali hili huulizwa vibaya. Sheria inauliza jingine: ni wapi mtoto atakuwa salama na kukua vizuri? Kifungu cha 125 kinasema ustawi wa mtoto ndio unaotangulia. Mahakama inasikiliza matakwa ya wazazi, inasikiliza mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na inatazama mila za jamii. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa bora akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ndugu hawalazimiki wote kukaa na mzazi mmoja, endapo ustawi wa kila mtoto unadai vingine.

Mzazi asiyekaa na mtoto hajafukuzwa katika maisha yake. Mahakama inaweza kumpangia siku za kumwona, na amri inaweza kubadilishwa mambo yakibadilika. Na baba ana wajibu wa kumtunza mtoto, awe anakaa naye au hakai naye. Tunalisema hili kwa akina baba wa usharika wetu: ada ya shule, chakula na matibabu si zawadi kwa mama wa mtoto. Na kwa akina mama: kumficha mtoto ili kumkomoa baba ni kumchapa mtoto kwa fimbo ya ugomvi wa watu wazima.

Nyumba ya Kariakoo

Mgogoro mkubwa katika mitaa yetu ni nyumba, na sababu iko wazi kwa kila anayetembea kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo. Soko Kuu lililosanifiwa na Beda Amuli lilijengwa miaka ya 1970 likizungukwa na nyumba za chini. Leo nyumba nyingi za Kiswahili zimebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa yenye maduka chini na stoo juu. Kiwanja ambacho babu alikijengea vyumba sita vya kupangisha sasa kinatafutwa na wawekezaji. Mwenye hati anaitwa mezani asaini.

Mara nyingi mwenye jina kwenye hati ni mmoja. Lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, ndoa ikiwa bado ipo. Mwenzi anayehofia kuuziwa nyumba anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtambua mwenzi aliyechangia kwa kazi yake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake.

Hata hivyo mahakama haigawi kwa huruma. Inapima mchango, na mchango unathibitishwa. Hukumu ya mwaka 1983 haikusema kila mke apate nusu. Ilisema kazi yake ihesabiwe. Kwa hiyo mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo na kulipa saruji kwa faida yake atunze risiti. Aliyechukua mkopo wa kikundi ukaezeka bati, atunze daftari la kikundi. Aliyekaa nyumbani akalea watoto watano, majirani na wazee wa nyumba kumi wanaweza kusimama na kusema waliyoyaona. Na baba aliyelipa mwenyewe kila tofali naye ana haki ya kuonyesha hivyo. Wasioweza kumlipa wakili wapo wa kuwasaidia: Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tunayoyaamini na tunayopaswa kuyafanya

Msomaji anaweza kuuliza: je, kitabu cha kanisa kinafundisha watu kuachana? Hapana. Tunaamini ndoa ni agano, na tunajua Bwana Yesu, katika Mathayo 19, aliirudisha ndoa kwenye nia ya Mungu tangu mwanzo. Lakini katika sura hiyo hiyo alikiri kwamba Musa aliweka utaratibu kwa sababu ya ugumu wa mioyo. Tuufikirie utaratibu ule katika Kumbukumbu la Torati 24. Mume hakuruhusiwa kumfukuza mke kwa neno tu. Alitakiwa kuandika hati na kumpa mkononi. Karatasi ile ilimlinda mwanamke asiye na mtetezi, ikaonyesha kwamba yu huru. Ugumu wa mioyo haujakwisha Kariakoo. Sheria inayomlinda aliye dhaifu, mioyo inapokuwa migumu, ni huruma ya Mungu pia.

Sheria ya nchi yetu inaanza na usuluhishi kabla ya talaka. Hapo inatugusa sisi moja kwa moja, kwa maana kazi ya kupatanisha ilikuwa ya kanisa kabla haijawa ya serikali. Wanandoa wakija, mzee wa kanisa awasikilize wote wawili, kila mmoja peke yake na kisha pamoja. Apatanishe kwa bidii na kwa maombi. Lakini kama kuna damu, kama kuna mtoto anayeumizwa, kama upatanisho umeshindikana kweli, asimzuie mtu kwenda Baraza lenye mamlaka wala asimfundishe kwamba kwenda mahakamani ni kukosa imani. Subira ni tunda la Roho. Kumlazimisha mwenzako abaki mahali pa kuuawa si subira.

Tunapendekeza mambo matatu kwa kila usharika wa katikati ya jiji. Mafundisho ya wachumba yawe na somo moja la Sheria ya Ndoa, pamoja na suala la majina mawili kwenye hati ya nyumba, wakati bado wanapendana na hakuna anayemwogopa mwenzake. Vikundi vya akina mama na vya akina baba vimwalike mwanasheria angalau mara moja kwa mwaka. Na aliyepewa talaka asipoteze nafasi yake kwaya, jumuiya wala kwenye kiti chake cha Jumapili. Amepoteza nyumba, asipoteze na ndugu.

Wimbo wa mke mwema katika Mithali 31 unamsifu mwanamke anayenunua shamba na kulipanda mizabibu kwa kazi ya mikono yake, na unaishia kwa kutaka kazi zake zimsifu malangoni. Malangoni ndiko wazee walikoketi kuamua mashauri; ndiko ilikokuwa mahakama ya mji. Maandiko yalitaka kazi ya mke itajwe huko, mbele ya wenye kuamua. Mahakama ya Rufani ilifanya hivyo mwaka 1983, katika shauri lililotoka Kariakoo. Sisi tunaokaa kwenye mitaa hiyo tusiache kuitaja kazi hiyo nyumbani mwetu, kabla mtu yeyote hajalazimika kuibeba mpaka mahakamani.